Mstari wa Tatu

Baba yangu alikuwa mgonga magurudumu. Treni ikiingia Nakuru, iwe imetoka Kisumu au Nairobi, yeye na mwenzake walipita kila mmoja upande wake wa mabehewa, wameshika nyundo za mpini mrefu, wakigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, na watu wa reli walisema hakuna ufa uliowahi kumpita. Sikuwa na sababu ya kutoamini. Nyumbani aliweza kujua kwa mlio wa sufuria tu kwamba mama amekasirika.

Tuliishi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mistari mistari, kila jamaa chumba kimoja, mfereji mmoja wa maji kwa mstari mzima. Sisi tulikuwa namba nane. Mwaka ninaoanza kuukumbuka vizuri nilikuwa na miaka tisa, na miaka ya hamsini ndiyo kwanza imeanza.

Jumapili ukumbi wa landhi, ambao siku za kazi ulikuwa wa mikutano na wa kucheza drafti, uligeuzwa kanisa. Nje palining'inizwa kipande cha reli, na baba alikigonga kuwaita watu. Yeye ndiye aliyefundisha kwaya. Nyimbo alijifunza misheni, kwetu magharibi, akiwa kijana, kwa do-re-mi zilizoandikwa ubaoni, na aliziamini kama alivyoamini ratiba ya treni. Kwake wimbo ulikuwa na njia yake, na mtu akitoka kwenye njia hiyo kuna kitu kitavunjika. Kwa hiyo watu walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote. Tuliimba kwa Kiswahili, maana kwaya ilikuwa ya Waluhya, Wajaluo, Wakamba na Wakikuyu, na kila mmoja alikiharibu Kiswahili hicho kwa namna ya kwao. Matamshi baba hakuyajali. Alijali sauti.

Sauti ya pili iliongozwa na jirani yetu wa namba tisa. Mumewe alikuwa mtia makaa kwenye injini za kuvutia mabehewa pale stesheni. Hawakuwa na mtoto. Mimi nilimwita Mama Namba Tisa, na baada ya muda landhi nzima ikamwita hivyo. Kwao ni upande wa Kiambu, milimani. Alikuwa mrefu, ana pengo kwenye meno ya mbele, na maneno yake yalikuwa makavu, hata usiyemzoea ungedhani umemkosea. Lakini akiimba sauti yake ilikuwa ya chini na ya kutulia. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu watu, aliwahi kumwambia mama, "Yule akikosekana, kwaya haina sakafu."

Mdogo wangu alizaliwa mvua za masika zilipoanza, akafa kabla hazijaisha. Ilikuwa nimonia. Mama hakuwa amepata nguvu tangu kujifungua, kwa hiyo Mama Namba Tisa ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kwenda hospitali asubuhi ile. Nilikuwa naosha vyombo mferejini nilipomwona akirudi. Alikuwa anatembea katikati ya njia, polepole, mikono yake miwili nyuma imemshika mtoto kama bado anaweza kuanguka. Mama alikuwa amesimama mlangoni.  Mama alirudi ndani akaketi kitandani, na Mama Namba Tisa akaingia, akafunga mlango kwa kisigino.

Siku ya kuzika, baba alikuwa ametengeneza kijisanduku mwenyewe kwa mbao za kreti. Kwaya iliimba wimbo wa kuaga, ule ambao landhi yote iliuimba mtu akifa. Sitayaandika maneno yake. Nayajua yote, beti zote nne, lakini nikiyaandika yatasomwa na watu ambao hawakuwa pale, na sitaki. Baba aliongoza kwa mkono kama kawaida. Kwenye ubeti wa pili mkono ulianguka, akabaki akitazama chini. Kwaya ikayumba. Mama Namba Tisa hakumtazama, aliendelea tu na sauti yake ya chini mpaka wengine wakamfuata, na wimbo ukafika mwisho.

Baada ya hapo mama alilala akiwa ameuelekea ukuta. Wanawake wa kanisa walikuja kumwambia ajikaze, wakamsomea aya, wakaenda. Mama Namba Tisa hakumsomea kitu. Kila jioni akitoka kazini, maana alifua nguo kwa mzungu mmoja wa reli, alikuja na karai la viazi, akaketi kwenye kizingiti chetu, akamenya na kuimba. Aliimba wimbo ule ule wa kuaga. Mimi nilichoka nao. Nilidhani unamwumiza mama zaidi. Jioni moja, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, mama alisema bila kugeuka, "Umeanza chini mno."

"Basi anza wewe," Mama Namba Tisa akamjibu.

 Kisha mama akaanza, kwa sauti ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. Waliimba mpaka mwisho, na viazi vikapikwa kwetu, na mama akala.

Ndiyo sababu wimbo huo ulikuwa kitu cha nyumba yetu. Nauelezea hivi ili ieleweke ni nini kilichochukuliwa baadaye.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mimi sikuelewa chochote, ila niliona watu wanapungua. Wakikuyu wa landhi walianza kurudishwa makwao, wengine kwa malori, wengine kwa treni zile zile ambazo walikuwa wakizihudumia. Mume wa Mama Namba Tisa alichukuliwa kazini, akiwa juu ya injini, uso mweusi wa makaa. Mkewe alipata habari kwa baba. Mume alipelekwa kambi za huko chini, njia ya Mombasa. Mke mwenyewe aliachwa kwa sababu mzungu aliyemfulia nguo alimwandikia pasi, karatasi ya ruhusa ya kubaki. Aliivaa shingoni kwenye kijimfuko, hata akiwa kwaya.

Wakati huo treni za mahabusu zilipita Nakuru, madirisha yamewekwa wavu wa waya. Baba aliyagonga magurudumu ya mabehewa hayo kama ya mengine yote. Siku moja alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua kofia.

"Wameuchukua wimbo wetu," akamwambia mama.

"Wimbo gani?"

"Wa kuaga. Wale waliomo kwenye mabehewa. Sauti ni ile ile, lakini maneno wameweka ya kwao. Ya mashamba na ya mapigano, askari mmoja Mkamba ameniambia."  Kisha akasema jambo ambalo wakati ule niliona ni la kuchekesha: "Na mstari wa tatu wanaukosea. Sisi tunashuka, wao wanapanda."

"Watu wanapelekwa gerezani, wewe unasikiliza wanapanda ama wanashuka," mama akasema. "Na mtoto anasikia."

Baba alinitazama, akavua kofia.

Wiki chache baadaye, kwenye mazoezi ya kwaya, tulikuwa kumi na mmoja badala ya thelathini. Tulipofika mstari wa tatu wa wimbo wa kuaga, baba aliinua mkono kusimamisha.

"Mama, hapo tunashuka," alimwambia Mama Namba Tisa.

"Samahani, Mwalimu. Ulimi umeteleza."

Tukarudia. Akashuka vizuri. Lakini mimi niliyezoea kumsikia akimenya viazi nilijua kwamba amekuwa akipanda pale kila mara akiwa peke yake, polepole, kama mtu anayeinua mguu kuvuka mtaro. Mimi pia niliupenda mpando ule. Niliuimba mferejini, mpaka mama alinikanya.

Sijui ni nani aliyepeleka maneno kwa askari. Nimesikia majina mawili matatu tangu wakati huo, na nimeacha kusikiliza. Ilisemekana Mama Namba Tisa anaanika nguo huku akiimba kwa kufunga mdomo, bila maneno, wimbo wa watu wa kiapo, wale waliopigana na serikali msituni.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Askari walizunguka landhi, wakatoa Wakikuyu waliobaki, wengi wao wanawake, wakawaketisha kwenye uwanja wa mpira. Sisi wengine tuliambiwa tukae nyuma ya waya. Palikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa wa kizungu, kijana, shingo imeungua na jua. Kando yake alisimama mkalimani. Waliitwa mmoja mmoja. Wengine waliambiwa waende kulia, wengine kushoto. Kushoto lilikuwepo lori.

Zamu ya Mama Namba Tisa ilipofika palikuwa na mazungumzo marefu ya Kikuyu na Kiingereza ambayo hatukuyaelewa. Kisha mkalimani akaja kwenye waya akauliza mwalimu wa kwaya ni nani. Watu walisema yuko kazini. Askari wawili wakaenda kumleta. Baba alikuja na nyundo mkononi, hakuwa amepata nafasi ya kuiweka. Askari mmoja akamnyang'anya pale langoni.

Tulikuwa karibu na meza kuliko nilivyotaka. Afisa alizungumza Kiswahili cha mashambani, kile wazungu walichotumia na wapishi wao.

"Wewe iko mwalimu ya kuimba?"

"Ndiyo, bwana."

"Hii bibi nasema yeye naimba hymni ya misheni. Watu ingine nasema hapana. Yeye taimba, wewe tasikia. Tasema kweli?"

"Nitasema kweli, bwana."

Nataka kumtendea baba haki. Hakuwa mtu mbaya, na uwanja ule ulikuwa na bunduki. Lakini hakuogopa wakati ule. Niliuona uso wake. Alikuwa ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja kidogo, namna alivyosimama kando ya behewa.

Mama Namba Tisa akaambiwa aimbe bila maneno, kama alivyokuwa akiimba kwenye kamba ya nguo. Akaimba. Hakutetemeka.  Mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulipokaribia nilimshika mama mkono, nikasema moyoni, shuka.

Akapanda.

"Naam?" afisa akauliza.

"Ni wimbo wa kanisa, bwana," baba akajibu. "Ni wimbo wetu. Tumezika watu nao."

Nilidhani yameisha. Mama alishusha pumzi. Afisa akaandika kitu, kisha akainua macho.

"Kama hiyo kabisa? Hapana badilisha kitu?"

Hapo baba angeweza kusema hapana. Kwa miaka mingi nimemwekea neno hilo mdomoni. Alikaa kimya, na ukimya wenyewe ukawa mrefu kiasi kwamba afisa aliweka kalamu chini.

"Mstari wa tatu ameugeuza," baba akasema. "Sisi tunashuka, yeye amepanda."

"Nani napanda namna hiyo?"

"Nimewasikia wale wa kwenye treni."

Mama Namba Tisa alimtazama baba mara moja tu. Haikuwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia vizuri. Kisha akaambiwa aende kushoto, akaenda. Alipanda lori bila kusaidiwa. Pasi yake ilibaki juu ya meza, na kijimfuko chake.

Adhuhuri ile ile chumba namba tisa kilifunguliwa, vitu vyake vikatupwa nje. Mama alikwenda kuviokota mbele ya askari, wala hakuna aliyemzuia: sufuria mbili, karai, blanketi, kitabu cha nyimbo, viatu vya mumewe. Alivifunga kwenye shuka akavisukuma chini ya kitanda chetu.

Baba aliporudi jioni, mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Uliulizwa swali," akasema. "Ukajibu. Kisha ukaongeza."

"Aliniuliza tena. Ningedanganya?"

"Ungenyamaza."

"Nilisema ukweli, mama. Alipanda. Hata wewe ulisikia."

"Nilisikia," mama akasema. "Na mimi nina mdomo, na sikusema."

Hawakuongea zaidi siku hiyo. Mama aliendelea kumpikia, kumfulia, kumwamkia. Lakini hakuimba tena kanisani. Alisimama kwenye safu yake, kitabu wazi, mdomo umefungwa, Jumapili baada ya Jumapili, mbele ya baba aliyekuwa akiongoza kwa mkono.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Wanawake mferejini walikuwa na desturi ya kuimba wakifua. Baba akitokea kwenye kona wakawa wanaacha. Hata Waluhya wenzetu, hata wale waliofurahi Wakikuyu kuondoka, walinyamaza akipita. Mtu alisema, "Mwalimu huyo," na kukawa kimya mpaka apite. Watu walikuwa wameona masikio yake yanaweza kufanya nini. Kwenye kwaya waliimba kwa midomo ya mbele tu, kila mmoja akimwangalia mwenzake asije akasikika. Baba alijaribu kila kitu. Aliwagawa upya, akabadilisha nyimbo, akawasihi watoe sauti. Siku moja alisimama katikati ya ukumbi akawaambia, "Siwasikii."  Mwisho wa mwaka ule kwaya ilikuwa na watu watano, na mimi mmoja wao kwa kulazimishwa. Baba akamkabidhi kazi hiyo karani mmoja kijana. Watu wakarudi, mmoja mmoja.

Aliomba uhamisho. Walimpa Longonot.

Stesheni ile wakati huo ilikuwa nyumba chache za bati chini ya mlima, vumbi jeupe, na tangi la maji lililojazwa na treni. Wamasai walipitisha ng'ombe, wakanunua sukari, wakaenda. Hapakuwa na kanisa. Baba alifanya kazi ya kutazama njia ya reli pamoja na genge la vibarua, na Jumapili alikaa nje akitengeneza viatu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule niliyoweza kupata, nikawa namsaidia mama na bustani isiyotaka kuota. Sikumsikia baba akiimba hata mara moja katika nyumba ile, wala kupiga mluzi.

Katika mwaka wetu wa pili huko, treni ya mchana ya kutoka Nakuru ilisimama, na mwanamke akashuka daraja la tatu, akaja moja kwa moja kwetu. Mimi sikumtambua. Mama alimtambua kwa mwendo. Alidondosha jembe, akaenda, wakashikana mikono, wakasimama hivyo.

"Nimeambiwa landhi kwamba una vitu vyangu," Mama Namba Tisa akasema.

"Ninavyo. Vyote."

Alikuwa amekonda mpaka shingo ilionekana ndefu. Meno mengine ya mbele hayakuwapo. Nilipomsalimia aligeuza kichwa. "Sema upande huu, mwanangu. Ule mwingine haufanyi kazi." Mumewe alikuwa amekufa kambini, alisema, wala hakuonyeshwa alikozikwa. Yeye alikuwa ameachiliwa, amekaa kwao, na sasa alikuwa anatafuta kazi ya kufua popote.

Baba alikuja kula akamkuta kwenye kiti chake. Alisimama mlangoni, mkono kwenye bati. Nilidhani atageuka aondoke. Aliingia akaketi kwenye debe.

"Habari ya siku nyingi, Mwalimu," Mama Namba Tisa akasema.

"Mama," baba akasema, kisha akashindwa. Alikunywa maji. Akajaribu tena. "Mama, siku ile. Kwa nini ulipanda? Ulijua nasikiliza. Ulikuwa unajua kushuka."

Mama alisema jina la baba kwa ukali, lakini mgeni akainua mkono kuonyesha si neno.

"Mwalimu, kwetu kanisani tunapanda. Tumepanda tangu nikiwa mtoto, tangu mama yangu akiwa msichana. Sijui ni nani alianza. Kwako nilikuwa nashuka kwa sababu wewe ndiye mwalimu. Siku ile nilikuwa naogopa. Mtu akiogopa anaimba kama alivyoimba kwao."

"Na wale wa kwenye treni?"

"Wametoka makanisa gani, unadhani? Si haya haya yetu."

 "Kwa nini hukusema?" baba akauliza.

"Niliulizwa nini? Uliulizwa wewe."

Mama akapakua chakula. Tulikula, tukaongea juu ya mvua na juu ya watu wa landhi waliokufa. Treni ya kurudi ilipokaribia, baba alimbebea mzigo wake mpaka kando ya reli. Mimi niliwafuata. Hapo akamwomba msamaha, kwa maneno machache, kofia mkononi.

"Nimechoka, Mwalimu," alimjibu, wala si kwa ubaya. "Hilo nitalifanya siku nyingine nikipata nguvu. Mwambie mke wako asante ya viatu." Akapanda. Hatukumwona tena. Baadaye tulisikia yuko Naivasha, kisha Thika, kisha hatukusikia.

Ungedhani baba aliyaamini maneno ya Mama Namba Tisa na kuishia hapo. Hakuweza. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alimwandikia mzee wa kanisa la kule Kiambu, kanisa ambalo mama alilijua jina, akamwomba amwandikie kwa do-re-mi jinsi wanavyouimba wimbo ule. Hakueleza sababu. Barua ya kurudi ilichukua miezi mingi, nikadhani imepotea. Ilitupwa kutoka kwenye treni pamoja na mfuko wa barua asubuhi moja. Baba aliifungua akiwa amesimama juani. Mzee yule alikuwa ameandika mistari yote minne kwa mwandiko mzuri wa shule, na chini yake ameongeza kwamba wanamshukuru mwalimu kwa kuujali uimbaji, na kwamba mzungu wa kwanza wa misheni, aliyewafundisha, ndiye aliyewaachia hivyo, labda kwa kukosea mwenyewe. Baba alipitisha kidole kwenye mstari wa tatu. Midomo yake ilisogea bila sauti. Wanapanda.

Wiki iliyofuata alichukua ruhusa, tukaenda Nakuru, yeye na mimi, barua mfukoni mwake. Alitaka iandikwe mahali. Alitaka mtu aliye na mhuri aandike kwamba ushahidi wake ulikuwa na kosa. Tulipelekwa ofisi hii na ile, tukangoja kwenye mabenchi. Karani mmoja, Mwafrika, mwenye miwani, alitusikiliza mpaka mwisho. Akatafuta kwenye makabati, akarudi.

"Afisa huyo alirudi kwao Ulaya zamani," akasema. "Na mzee, jina la huyo mama ninaliona hapa kwenye orodha. Orodha iliandikwa Ijumaa. Siku moja kabla."

"Kabla ya mimi kuulizwa?"

"Kabla. Angekwenda tu, hata usingesema. Mumewe alikuwa ndani, wake wa waliokuwa ndani waliandikwa wote. Hayo ya wimbo hayamo. Hakuna aliyeandika habari ya wimbo."

Nilimtazama baba, nikitarajia kuona ametua mzigo. Karani pia alitarajia hivyo, nadhani, maana alitabasamu. Baba alikunja barua yake kwa makini, akamshukuru, tukatoka. Kwenye ngazi alisimama akashika ukuta.

"Basi yule afisa alitaka nini kwangu?" akaniuliza.

 Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sasa nina umri mkubwa kuliko wake wa siku ile na bado sijui. Labda kijana yule alikuwa amechoshwa na meza na jua, akataka kusikia kitu. Labda alipenda kuimba.

Mama alianza tena kuimba tulipohamia shambani kwetu magharibi, kwa sauti ndogo, akipalilia, lakini si wimbo ule. Mimi nimekuwa mtu wa kanisa maisha yangu yote. Nimezika mume na nimezika mtoto, na nyimbo za zamani ndizo zilizonisimamisha, sisemi uongo. Sijawahi kupata faraja nyingine iliyofanya kazi. Lakini najua pia kwamba kitu kilichomwinua mama yangu kitandani ndicho hicho hicho kilichoketishwa mezani mbele ya bunduki, wala hakikupiga kelele. Wimbo hauwezi kujitetea. Unakwenda na yeyote anayeuimba, na yeyote anayeusikiliza.

Baba alikufa akiwa mzee sana, masikio yake yameziba kabisa. Mchungaji alikuja kuniuliza kaburini tungeimba nini. Nilimwambia achague yeye, wowote, isipokuwa wa kuaga. Akashangaa, akasema ndio unaoimbwa siku zote, watu wameshafungua ukurasa.

Nikamwambia ni mrefu, na watu wamesimama juani.